Mwaka wa Turabazi

Mke wangu alijifunza kucheka akiwa na miaka thelathini na moja, na mwalimu wake nilikuwa mimi. Sisemi kwamba kabla ya hapo alikuwa hacheki. Alikuwa akicheka sana, hasa akinicheka mimi, na sababu sikumnyima. Nasema habari ya kicheko kimoja, cha neno moja, ambacho ilibidi kitoke papo hapo neno linapotamkwa, bila kuchelewa hata pumzi moja. Kikichelewa, angepakiwa kwenye lori.

Nilikuwa nikifundisha Kiswahili katika shule ya msingi pale Ujiji. Mimi ni Mha wa milimani, upande wa Manyovu, mtu wa hasira za karibu. Nusu ya maisha yangu niliitumia kuwatenganishia watoto wa Kigoma l na r, na nusu nyingine kukubali kwamba nimeshindwa. Mke wangu alikuwa akiuza mafuta ya mawese nyumbani. Alizaliwa ng'ambo, Burundi, akaletwa Ujiji mgongoni mwa shangazi yake katika wimbi la kwanza la wakimbizi, kabla hata hajang'oa meno ya utoto. Alikulia hapa, akasoma hapa, akaolewa hapa. Karatasi ya balozi wa nyumba kumi ilisema amezaliwa Manyovu. Uongo huo hatukuutunga sisi. Tulipooana tuliukuta umeshaandikwa, wino umekauka, na hatukuona sababu ya kuufuta.

Miaka ninayoisema ni ile ya wimbi lililofuata, barabara ya kwenda Kasulu ilipojaa malori ya kupeleka watu kambini. Amri ilikuwa fupi: kila Mrundi akae kambini, hata aliyekuja zamani, hata aliyeolewa. Anayekutwa nje apakiwe. Wengine walifikishwa kambini, na wengine, watu walinong'ona, walivushwa mpaka moja kwa moja. Msako ungepita Katonga asubuhi wakati samaki aina ya migebuka wanashushwa kutoka kwenye boti, kesho yake ukawa Mwandiga siku ya soko. Sisi tulikuwa na watoto watatu, wa mwisho bado ananyonya. Kila jioni niliporudi kutoka shule nilitazama kwanza kama moshi unatoka jikoni.

Jirani yetu alikuwa mtu wa reli, mnene, mkarimu, mwenye sauti ya kutangaza. Yeye peke yake mtaani ndiye aliyekuwa na televisheni na deki. Siku hizo matangazo ya televisheni hayakufika Kigoma kwa mtu asiye na dishi, lakini ndugu yake aliyekuwa Dar es Salaam alikuwa akimrekodia vipindi, na kanda zilikuja kwa treni. Jumapili baada ya chakula cha mchana mtaa mzima ulijaa sebuleni kwake, wanaume kwenye viti, wanawake na watoto kwenye mikeka.

Jumapili moja akatuwekea kipindi cha vichekesho. Mchekeshaji alikuwa ameigiza mganga kutoka Kigoma. Huko pwani mtu wa Kigoma ni mganga tu, hata kama ni fundi baiskeli, kwa hiyo hatukushangaa. Alikuwa amejitanda turubai la bluu, lile la nailoni ambalo wakimbizi walipewa la kuezekea. Mbele yake alilala mgonjwa mwenye mapepo. Mganga akazunguka, akatikisa kibuyu, akaropoka maneno ambayo alidhani ni ya kwetu. Kisha akageuka, akaacha kumtazama mgonjwa, akatunyooshea kidole sisi tuliokuwa tunaangalia.

"Turabazi! Turabazi! Turabazi! Tokeni! Rudini mlikotoka!"

Sebule ikalipuka. Mimi nilicheka mpaka nikakohoa. Kwa Kirundi, na kwa Kiha pia ukitega sikio vizuri, turabazi maana yake ni "tunawajua". Hicho ndicho kilichotuchekesha sisi Waha: mtu wa pwani ameropoka ovyo akaangukia neno la kweli, kama kipofu aliyerusha jiwe akapata ndege.

Nilipofuta machozi nikamtafuta mke wangu kule kwenye mkeka. Alikuwa amemtoa mtoto kwenye titi na kumfunika uso kwa kanga. Mtoto alikuwa akilia, lakini kwa kelele zile za vicheko hakuna aliyemsikia. Mke wangu akasimama, akawaomba radhi wanawake wenzake kwa sauti ya kawaida kabisa, akatoka.

Nilimkuta nyumbani amekaa kwenye kigoda, mgongo kwenye ukuta.

"Amesema wanatujua," akaniambia.

"Amesema upuuzi. Yule hata Kigoma hajafika."

"Kajuaje neno?"

"Hakulijua. Hukusikia alivyolitamka? Kaliburuta Kiswahili, kakazia pale kwenye ba. Hakuna Mrundi anayelitamka hivyo. Hakuna hata Mha."

Akasema, "Baba watoto, mtu anayekutisha hana haja ya kutamka vizuri."

Nikakasirika. Nakiri hilo, nilikasirika kwa sababu alikuwa amenijibu vizuri na mimi ndiye mwalimu. Nikamwambia asigeuze mchezo kuwa msiba. Yeye akaingia chumbani, na kesho yake nikaona chini ya kitanda kuna furushi: nguo za watoto, sufuria ndogo, na ile karatasi ya balozi imekunjwa ndani ya nailoni.

Tangu siku hiyo mimi na mtu wa reli tukawa na kesi isiyo na hakimu. Kila jioni barazani kwake tuliisikiliza upya. Yeye alishikilia kwamba yule mchekeshaji alifanya makusudi. Hoja yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kukagua tiketi.

"Turubai la bluu, sawa, bahati," alisema akikunja kidole. "Neno la Kirundi lenye maana kamili, sawa, nayo bahati. Rudini mlikotoka, na kidole mbele ya kamera, mwaka huu huu wa malori? Mwalimu, moja bahati, mbili bahati. Tatu, hapo pana mtu."

"Mganga yeyote anayafukuza mapepo yarudi yalikotoka. Ulitaka ayakaribishe chai?"

"Na turubai?"

"Turubai linauzwa kila soko mpaka Dar. Ni rahisi kuliko kanzu."

Alikuwa akicheka, akinipigapiga begani. Kwake yalikuwa mazungumzo tu. Hakujua habari ya mke wangu, au kama alijua, hakuwahi kuonyesha. Mimi nilibishana kama mtu anayetetea shamba lake mahakamani, kwa sababu kama lile neno lilikuwa bahati mbaya, mke wangu angelala usingizi, na furushi lingetoka chini ya kitanda. Nilihitaji mtu nisiyemjua, aliye mbali siku mbili na zaidi kwa treni, awe mjinga tu na si mwovu. Sijawahi kumwombea mtu ujinga kwa bidii kiasi kile.

Wahenga walisema mzaha mzaha hutunga usaha. Kanda ile ilinakiliwa, nakala ikanakiliwa, na ndani ya mwezi mmoja neno lilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Vijana wa mjini walisalimiana nalo. Wapakia mizigo bandarini walilitamka kwa pamoja walipoinua gunia. Kwenye mpira, mchezaji akinyang'anywa mpira, uwanja wote ulimnyooshea kidole: turabazi. Mke wangu aliacha kwenda Mwandiga kuchukua mawese, akamlipa mwanamke mwingine amletee.

Shuleni watoto walicheza msako wakati wa mapumziko. Mmoja alikuwa mganga, wengine mapepo. Siku moja mwanafunzi wangu wa darasa la tano, mtoto mzuri, mwenye mwandiko safi, alinyoosha kidole mlangoni mwa darasa nilipokuwa naingia, akasema neno. Nilimchapa. Nilimchapa zaidi ya ilivyostahili, mbele ya darasa zima. Mchana mwalimu mkuu akaniita.

"Mwalimu, watoto wanacheza tu. Kuna tatizo nyumbani?"

"Hakuna, mkuu. Lile neno linavuruga lugha."

"Basi punguza ukali. Siku hizi mtu akikasirikia jambo dogo, watu wanaanza kuuliza kwa nini."

Niliondoka ofisini kwake. Mimi niliyekuwa nikimwambia mke wangu asijionyeshe, ndiye niliyekuwa naonyesha.

Habari za nje nazo zikaanza kurudi, na hakuna hata moja iliyonisaidia kwenye kesi yangu. Mfanyabiashara mmoja wa sabuni na dagaa, aliyekuwa akivuka na boti za kwenda ng'ambo, alituambia kwamba kanda ile imefika Burundi, mpaka kwenye vibanda vya video vya mwambao. Huko hawakucheka. Watu walisema televisheni ya Tanzania inawatangazia ndugu zao kwamba siku zao zimehesabiwa, na katika kibanda kimoja mtu alirusha chupa ikavunja kioo cha televisheni. Nami nikawaza: yule mchekeshaji yuko kwake anakula, hajui kwamba kuna mtu ng'ambo ya ziwa analipishwa televisheni kwa ajili yake. Au anajua, na anacheka.

Kisha ikaja salamu ya dada yake mke wangu, aliyekuwa kambini. Ililetwa na mama mmoja aliyekuwa akija mjini kuuza maharage. Alikaa jikoni kwetu, akakataa chai, akasema alichotumwa. Kambini watu wanalala na mafurushi yamefungwa. Wengine wameondoka usiku kurudi kwao kwa miguu, wakisema heri kurudi mwenyewe kuliko kurudishwa. Dada anauliza: huko mjini mnasemaje, ni kweli mmeshaandikwa majina?

"Mwambie ni mchezo wa kuigiza," nikasema.

Yule mama akanitazama kwa huruma, kama mtu anavyomtazama mgonjwa anayesema amepona. "Nitamwambia, mwalimu," akasema. Alipotoka, mke wangu alimsindikiza mpaka barabarani, na walisimama pale wakizungumza Kirundi kwa sauti ya chini. Nilikuwa sijamsikia akikizungumza kwa miaka. Niliona wivu, na nikaona aibu kwa kuona wivu.

Jioni ile nikakaa na kalamu kuandika barua kwa wenye kipindi. Niliandika kurasa mbili kwa mwandiko wangu wa ubaoni. Niliwaeleza maana ya neno, nikawauliza kwa heshima zote kama lilitumiwa kwa kujua au kwa kutojua, nikawaomba watangaze ufafanuzi. Niliijivunia ile barua. Mke wangu aliisoma yote, akiwa amesimama, mtoto kiunoni.

"Hapa chini umeandika jina lako na shule."

"Barua bila jina ni barua ya mwoga."

"Watakuuliza nani kaogopa." Akaikunja mara nne. "Utawajibu nini?"

Aliiweka kwenye jiko la mkaa mwenyewe. Ilishika moto polepole, kona moja baada ya nyingine. Kwa hiyo swali langu halikufika Dar es Salaam, na mpaka leo halijafika. Yule mchekeshaji baadaye aliacha kuonekana, na sikupata kujua alikopatia lile neno. Huenda ni kwa mpishi, huenda ni kwa askari, huenda ni kinywani mwake tu ambako upepo ulipita ukatoa sauti.

Yote haya tungeyavumilia. Lililobadilisha maisha yetu ni siku mtu wa reli alipotoka Katonga na kitoweo mkononi, akaniita ukutani, safari hii bila sauti ya kutangaza.

"Kuna afisa mpya wa msako," akasema. "Kijana. Hana habari na karatasi. Anasimamisha watu mstari, anapita anawanyooshea kidole kama yule mganga: turabazi! Anayecheka anaambiwa nenda zako. Anayeshtuka anawekwa pembeni."

"Na watu wanashtuka?"

"Wa hapa wanacheka, mwalimu. Wa kule wanaruka." Akahamisha samaki mkono wa pili. "Nimewaona wanne wakiruka. Mmoja tunaitana mashemeji, nilidhani ni wa hapa kabisa, tumekula naye Idi miaka kumi."

Alisimama kidogo kama anayetaka kuongeza neno. Kisha akasema tu, "Nisalimie nyumbani," akaenda zake. Sikumuuliza tena kama ni makusudi au bahati mbaya. Lile neno, liwe lilizaliwa vipi, sasa lilikuwa limepata kazi.

Usiku huohuo nilimweleza mke wangu habari ya afisa. Asubuhi ya Jumamosi, watoto wakiwa nje, nilimweka mke wangu katikati ya chumba nikamwambia, "Tujifunze."

Mara ya kwanza nilisema neno kwa upole, na yeye akalia. Mara ya pili akatoa kicheko kilichofanana na kikohozi. Nikamkosoa. Kinaanzia puani, nikamwambia, usikianzie kifuani. Inua bega. Mtu anayecheka kweli hatazami mdomo wa msemaji, anatazama pembeni kutafuta mwenzake wa kucheka naye. Nilimfundisha kama ninavyofundisha silabi. Wiki ya kwanza tulifanya kwa kupanga. Wiki ya pili nikaanza kumvizia, maana afisa hangempigia kengele. Akichekecha unga, turabazi. Akifunga mlango, turabazi. Akimwogesha mtoto, turabazi, na kidole.

Alikuwa mwanafunzi hodari. Kicheko kikaja, kikapevuka, kikawa kizuri kuliko vicheko vya watu wengi wasio na la kuogopa. Kilichonitia wasiwasi ni mambo mengine. Nikiingia jikoni aligeuka haraka kutazama mikono yangu. Mtoto wetu wa pili akaanza kucheka naye, kicheko hichohicho, bega hilohilo. Na siku moja nilipomgusa tu mgongoni ili anipishe, bila kusema neno lolote, akacheka. Macho yake hayakucheka. Nikajua kwamba katika nyumba ile mtu anayemwogopesha kuliko wote sasa ni mimi, na kwamba siwezi kuacha.

Walikuja Jumanne, saa sita mchana. Nilikuwa nyumbani, barazani, nikisahihisha madaftari kwa sababu darasa langu lilikuwa limeenda kufyeka uwanja. Mke wangu alikuwa nje mbele ya mlango, amepasha mawese kidogo ili yamiminike, anayatia kwenye chupa kwa faneli. Afisa alikuwa kijana kweli, shati limenyooshwa vizuri, na nyuma yake mgambo mmoja na balozi wetu wa nyumba kumi, mzee aliyekuwa akitazama chini.

"Shikamoo, mwalimu," afisa akaniambia.

"Marahaba, mwanangu. Karibuni."

"Tumeshakaribia. Hatukai." Akazitazama chupa. "Mama, mawese ya wapi haya?"

"Ya Mwandiga, afande. Mapya. Onja."

Alijibu vizuri, l na r mahali pake, maana hilo alikuwa ameliweza tangu msichana. Afisa akachovya kidole, akaonja, akatikisa kichwa kukubali. Nikafikiri yamekwisha. Akafuta kidole kwa leso taratibu, akaikunja leso, akairudisha mfukoni. Kisha akageuka ghafla, mkono umenyooka.

"Turabazi!"

Mke wangu alicheka. Kilitoka papo hapo, puani, bega likapanda, faneli ikatikisika na tone la mawese likaanguka kwenye vidole vya mguu wake. Alitazama pembeni kutafuta wa kucheka naye, kama nilivyomfundisha. Pembeni nilikuwapo mimi.

Sikucheka. Kwa wiki tatu neno lile lilikuwa likitoka kinywani mwangu, na sikuwahi kufikiri litakuwaje likitoka kwingine na kuingia nyumbani kwangu. Daftari lilianguka. Taya yangu ilikuwa imefunga kama mlango uliovimba kwa mvua. Mgambo akaacha kutabasamu.

"Mwalimu," afisa akasema polepole, "mbona wewe hucheki?"

Akasogea hatua moja kwangu.

"Wazee wako ni wa wapi?"

"Manyovu."

"Manyovu ni jirani sana na mpaka." Akamgeukia balozi. "Huyu unamjua?"

Balozi akasema ananijua, mimi ni Mha, nimefundisha watoto wake wote. Afisa akasema basi hakuna tatizo, tutaandikishana tu ofisini. Nikavaa viatu. Mke wangu alikuwa bado anatabasamu, tabasamu limebaki usoni kama taa iliyosahauliwa mchana, na mikono yake iliendelea kumimina mawese kwenye chupa iliyokwisha kujaa.

Waliniweka siku mbili katika chumba chenye magunia. Waliniuliza majina ya babu zangu mpaka wa nne. Walinitajisha vijiji vya njiani. Yule kijana akaniambia niseme "kulala", na mimi, mwalimu wa Kiswahili wa miaka kumi na minne, nikasema "kurara". Nikajisikia nimesema, nikajaribu tena, nikarudia palepale. Kwa kipimo kile nusu ya walimu wa Kigoma wangepakiwa, lakini sikuwa na ubavu wa kumwambia. Siku ya tatu mwalimu mkuu alikuja na mtu wa reli na faili langu la kazi. Wakaniachia, na kijana akaniomba radhi kwa kuniamkia tena shikamoo.

Nilirudi nyumbani mchana. Msako ulikuwa umeshapita mtaa wetu na haukurudi tena, maana nyumba yangu ilikuwa imeshakaguliwa na kupigwa alama ya chaki. Mke wangu aliniwekea maji ya moto, akanipikia mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, akakaa mbele yangu akinitazama nikila. Hakuwa amenitazama hivyo tangu siku ya kanda.

"Niliona," akasema. "Niliona ulivyoganda. Alikuwa bado hajamaliza kunitazama, ukamvuta kwako."

Nikaendelea kutafuna.

"Ulifanya makusudi," akasema, na sasa ndipo akalia. "Ulijitoa."

Sasa nitasema lililotokea, kwa kuwa ninaliandika na wala simwangalii usoni. Kijana yule aliponyoosha kidole, sikumfikiria mke wangu hata kidogo. Nilifikiri wamejua, na kwamba mwenye kumficha naye hupakiwa. Niliutazama mlango wa uani. Mguu wangu wa kulia ulikuwa umeshageukia kule, kisigino kimeshanyanyuka. Kama taya na magoti yasingenifunga kwa hofu, ningekimbia, na ningemwacha pale na faneli mkononi akicheka peke yake. Kilichomwokoa ni kwamba mume wake alikuwa mwoga kiasi cha kushindwa hata kukimbia.

Sikumwambia siku ile kwa sababu nilikuwa na njaa na alikuwa akilia. Kesho yake sikumwambia kwa sababu alilitoa furushi chini ya kitanda na kuzirudisha nguo za watoto kabatini. Baadaye karatasi zake zikapata kuwa halali, malori yakaisha, na neno lile vijana wa leo hawalijui kabisa. Mwaka uliopita, katika harusi ya mjukuu wetu wa kwanza, watu wamekula wameshiba, mke wangu akasimama kutoa nasaha kwa bibi harusi. Akawasimulia wote habari ya afisa, na mawese, na mume aliyeacha kucheka ili yeye asalimike. Watu wakapiga vigelegele. Mtu wa reli, mzee sasa, akalia waziwazi.

Mke wangu akanigeukia mbele ya ukumbi mzima.

"Si kweli, mwalimu?"

"Kweli," nikasema.